Tanganyika: Aliyepona virusi apimwe na moyo pia

Mgonjwa akitoka hospitali baada ya Korona, jamaa wanamshukuru Mungu na majirani wanamwambia arudi kazini. Huko Piana-Mwanga, katika jimbo la Tanganyika, kazi ni shamba, kubeba mizigo, kuchimba madini. Akianza kukosa pumzi wiki chache baadaye, watu wanasema ni malaria, uvivu ao amelogwa. Ni wachache wanaofikiria moyo.

Hata hivyo ushahidi upo. Mwaka 2022, jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti juu ya zaidi ya wanajeshi wa zamani 150,000 wa Marekani waliougua Korona. Katika mwaka uliofuata, hatari ya moyo kushindwa kazi ilikuwa juu kwa asilimia 72 kuliko kwa wasioambukizwa. Hata wale ambao hawakulazwa hospitali hawakusalimika. Virusi vinaweza kuleta uvimbe katika misuli ya moyo, kugandisha damu ao kuvuruga mapigo.

Haimaanishi kwamba kila aliyepona ni mgonjwa wa moyo. Wengi wanarudia nguvu zao. Lakini mwenye uvimbe wa moyo anashauriwa na madaktari aache mazoezi makali kwa miezi 3 hadi 6. Na kubeba magunia ni kazi nzito kuliko mchezo wa mpira. Baba anayerudi mapema sana shimoni anaweza kuanguka ghafla, na watoto wabaki yatima kwa ugonjwa ambao kila mtu aliamini umekwisha.

Wengine watajibu kwamba kijijini hakuna mashine. Ni kweli, na Piana-Mwanga inajua maana ya kukosa: bwawa lake, lililojengwa wakati wa ukoloni ili kulisha migodi ya bati ya Manono, lilinyamaza kwa miaka mingi. Ila kuhesabu mapigo, kupima shinikizo la damu, kutazama miguu kama imevimba na kuuliza kama mtu anakosa pumzi akilala, hayo hayaombi umeme.

Tena DRC imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Baada ya Ebola ya 2018 hadi 2020 huko Beni, Mangina na Butembo, waponaji 1,171 hawakuambiwa tu waende nyumbani. Palikuwa programu ya kuwafuata na kuwapima. Kwa nini aliyeponea chupuchupu virusi vingine aachwe peke yake?

Wakubwa wa afya wa jimbo waamuru jambo moja rahisi: yeyote aliyelazwa kwa ugonjwa mkali wa virusi apewe tarehe ya kurudi kituoni, bila kulipa, na mwenye dalili atumwe hospitali kuu kwa usafiri uliopangwa. Na familia nazo zimpe aliyepona nafasi ya kupumzika. Maumivu ya kifua, kuzimia ao moyo kwenda mbio bila sababu si uvivu. Ni sababu ya kwenda kwa muuguzi siku hiyohiyo.