Maji ya Mtendeli Yapimwe Ipasavyo

Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, mkoani Kigoma, iliyopokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi tangu 2016, ilifungwa mwishoni mwa 2021. Watu huhama, lakini uchafu wa vyoo vya shimo uliokwisha kuzama ardhini hauhami nao.

Maji ya kisima yaweza kung'aa na bado yakawa na naitreti itokayo vyooni. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuiondoi naitreti, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Kwa hiyo kipimo ndicho kiwe mwamuzi, wala si macho.

Hata hivyo, sampuli iliyochukuliwa ovyo ni shahidi wa uongo. Maji yaliyotuama kisimani hayana budi kutolewa kwanza. Chupa iwe safi, iandikwe mahali, tarehe na saa, iwekwe katika sanduku lenye barafu, na kufikishwa maabara kabla ya siku kwisha. Udongo nao uchukuliwe katika vina mbalimbali, na kifaa kisafishwe kila shimo.

Nasi wa visiwani tusidhani haya ni ya bara peke yake: mawe ya matumbawe yanayobeba visima vyetu hupitisha uchafu upesi zaidi.

Tunawasihi wakuu wahusika wasiyafungie matokeo makabatini, bali wayatangaze kijijini kabla ndoo ya kwanza haijatekwa. Mficha maradhi, kifo humwumbua.