Asiye na cha Kulipa Asikimbie

Ndugu zangu wa Kasulu na Kibondo,

 

Simu zinazonifikia huku Columbus, Ohio, siku hizi zinafanana: fulani kahama usiku, wakopeshaji wa kausha damu wamebeba makochi, na sasa anasakwa mdhamini. Kisha naulizwa: eti Marekani mtu hufutiwa madeni mahakamani, huo si wizi? Nawajibu wote kwa pamoja, maana kazi yangu ni ukalimani na shughuli hizo za kufutiwa madeni nazijua.

Mufilisi wa huku huapishwa, kisha msimamizi wa mali humhoji: umeorodhesha kila ulicho nacho? Kuna mali uliyomwandikisha ndugu? Wadai wanaalikwa, ingawa wengi hawaji. Asipopingwa, baada ya miezi miwili hivi hupata amri ya kufutiwa madeni. Matunzo ya watoto hayafutwi. Aliyeficha mali hunyimwa amri hiyo, na anaweza hata kufungwa. Kwa hiyo anayesamehewa ni yule aliyejianika.

Kwetu Tanzania nako sheria ipo tangu enzi za Mwingereza: Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Mufilisi huhojiwa hadharani, kisha huomba kuachiliwa, na Mahakama Kuu husikiliza ombi hilo waziwazi ikiwa na taarifa ya mwenendo wake. Jaji aweza kukubali, kukataa, kuahirisha au kumwekea masharti. Lakini muuza maharage wa Makere anayedaiwa laki nane atafikaje Mahakama Kuu? Gharama za wakili zitalipita deni lenyewe. Anachokiogopa yeye ni gereza la madai, ambako mdaiwa aweza kukaa hadi miezi 6, na akitoka bado anadaiwa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mwenye nacho na alipe. Asiye nacho je? Wakenya, kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, wamemwekea njia yake: asiye na mali, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za kwao, hupeleka ombi kwa ofisa wa serikali, na mambo yakienda sawa madeni hufutwa baada ya miezi 12. Mbunge akija kuomba kura, mwulizeni kwa nini sisi hatuna njia ya namna hiyo, tena katika mahakama ya wilaya.

Kwa sasa, anayelemewa asihame. Aandike madeni yote, hata ya dukani, aende kwa wanaomdai pamoja na mdhamini wake, waandikishane kiasi anachokiweza kila mwezi. Na kabla ya kukopa, mwulizeni mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Anayeondoka usiku anamwachia mdhamini deni lote, na mdhamini huyo mara nyingi ni shemeji au mama mzazi.

Wasalaam,
Mtoto wenu wa Heru Juu