Chombo kisichokwenda mrama

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Eldas, katika Kaunti ya Wajir, na mwalimu mmoja wa Kiswahili akaniomba nimsaidie kusahihisha insha za wanafunzi wake wa sekondari. Zilikuwa insha 42. Katika 19 kati ya hizo, mambo yalikwenda mrama. Harusi ilikwenda mrama, safari ya Wajir mjini ilikwenda mrama, hata mbuzi wa mtu fulani walikwenda mrama, ingawa sikufahamu vipi. Siku ya pili niliingia darasani nikauliza: Mrama ni nini? Kijana mmoja akajibu upesi, "Ni vibaya, Mwalimu." Wenzake wakaafiki. Jibu hilo nilifundishwa mimi pia, katika sehemu hizi hizi, miaka zaidi ya thelathini iliyopita, nikalikariri na kupata alama yangu.

Lakini mrama si vibaya. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini, kilale upande huu kisha kirudi kilale upande wa pili, wimbi likipita chini yake. Maana hii ya baharini ndiyo ya asili, na ile ya harusi na mbuzi ni sitiari iliyochakaa mpaka ikasahau kwao. Nilipolieleza hili, msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha alinyosha mkono. "Basi, Mwalimu, kipo chombo kisichokwenda mrama?" Na kabla sijajibu akaongeza la pili: alikuwa amesoma katika kitabu cha Kiingereza habari za mtu aliyevuka bahari peke yake kwa katamarani, je, mimi nikitakiwa nivuke bahari peke yangu ningechagua chombo gani?

Kengele ililia, nikajibu kwa maneno mawili matatu. Swali lilikuwa bora kuliko jibu langu. Kwa hiyo namjibu hapa, na kupitia kwake nawajibu walimu wake.

Kuna njia mbili za kukizuia chombo chembamba kisipinduke. Ya kwanza ni kukitia uzito chini. Mabaharia wetu wanauita uzito huo farumi: mawe au mchanga unaotiwa tumboni mwa chombo kisichokuwa na shehena ya kutosha. Mashua za anasa za Ulaya hutiwa chuma au risasi katika mkuku wenyewe. Chombo cha namna hii hulazwa na upepo, kisha uzito hukiinua. Huenda mrama, tena sana, lakini hurudi. Njia ya pili ni kukipanua chombo bila ya kukitia uzito, kwa kukifunga na kingine kando yake. Upepo ukisukuma, kile cha upande wa pili hukataa kuzama, na chombo husimama wima kama meza.

Njia hii ya pili si ngeni kwetu. Ngalawa ni nini, kama si hiyo? Ni gogo jembamba lililochongwa, aghalabu la mwembe, likapitishiwa miti miwili ya kukingama, na kila upande miti ile ikashika ubao unaogusa maji. Viungo hivyo vina majina yake, mrengu na matengo miongoni mwa mengine, na matumizi ya majina hayo hayalingani katika kila bandari. Bila ya mbao zile, gogo lile halingeweza kubeba tanga hata dakika moja. Wanaisimu na wanahistoria wengi wanauhusisha ufundi huu na watu waliotoka visiwa vya Indonesia wakaifikia Madagaska katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Lugha ya Kimalagasi ni ushahidi wao mkubwa, kwani mwaka 1951 Otto Christian Dahl alionyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan, lugha ya kisiwa cha Borneo. Kwamba safari yenyewe inawezekana kwa chombo cha mbavu za pembeni si jambo la kubishaniwa tena: kati ya mwaka 2003 na 2004 jahazi la Samudra Raksa, lililoundwa kwa kufuata mchoro wa jiwe katika hekalu la Borobudur, lilitoka Indonesia, likapita Ushelisheli na Madagaska, likazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Ghana.

Na hiyo katamarani ya kitabu cha Kiingereza? Neno lenyewe si la Kiingereza. Waingereza walilichukua kwa Watamili wa India ya kusini: kattu ni kufunga, maram ni mti. Miti iliyofungwa. Sisi tunalipokea neno hili kutoka London tukidhani ni mali ya London, ilhali limetoka ng'ambo ya bahari yetu wenyewe. Mimi ningependa shule ziseme mashua pacha kwa ile yenye miili miwili, na yenye mitatu iitwe kwa jina lake la siku zote, ngalawa. Atakayeona neno pacha halifai na alete lake.

Sasa chaguo langu. Ningechagua mashua pacha, ndogo, ya mita saba au nane. Nasema ndogo kwa sababu aliye peke yake hana wa kumwita. Nanga ataing'oa yeye, tanga atalishusha yeye usiku katika mvua, na nguvu za tanga na kamba huongezeka upesi kadiri chombo kinavyorefuka, wala mikono haiongezeki. James Wharram, Mwingereza aliyejiundia mashua pacha ya mita saba na ushei, alivuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Trinidad katika miaka ya 1955 na 1956 pamoja na wanawake wawili, wakati ambapo wajuzi wengi wa kwao waliamini kwamba chombo cha namna hiyo kitavunjika. Baadaye mmoja wa waliotumia michoro yake, Rory McDougall, aliizunguka dunia kati ya mwaka 1991 na 1997 kwa mashua pacha ya mita 6.4 aliyoiunda mwenyewe, sehemu kubwa ya safari akiwa peke yake. Mita 6.4! Madarasa yetu ya Eldas yana urefu kuliko huo.

Jambo linalonivutia katika michoro ya Wharram ni viungo. Miti inayoshika miili miwili haikukazwa kwa skrubu za chuma. Imefungwa kwa kamba, kama ngalawa, kama maneno ya Kitamili yasemavyo. Bahari huvipinda vyombo hivi kila wimbi linapopita, mwili mmoja ukiwa juu na wa pili chini. Chuma hakipendi kupindwa mara milioni moja. Kamba hulegea kidogo, ikarudi, na ikikatika mtu yeyote mwenye kamba ataifunga upya. Zaidi ya hayo, chombo kisicho na risasi chini, kikiwa cha mbao na vyumba vyake vimezibwa vyema, hata kikijaa maji huelea. Tena kina kimo kifupi ndani ya maji. Pwani yetu, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, mashua pacha huketi juu ya mchanga maji yakipwa ikawa kama nyumba, wakati chombo chenye mkuku mrefu hulala ubavu.

Ubaya wake mkubwa ni mzigo. Miili miwili ina nafasi nyingi, na nafasi humwalika mtu aijaze. Lakini miili hiyo ni myembamba; ukiitia shehena kubwa huzama chini, mawimbi hupiga miti inayoiunganisha, na chombo chepesi kilichokuwa kikipanda juu ya wimbi sasa kinapasua katikati yake. Nilikuwa nikiyaeleza haya jioni moja kwa mzee mmoja wa hapa, nimwitaye adeer kwa desturi yetu ya kumheshimu aliye rika la baba. Hajapata kuiona bahari. Alinisikiliza, akasema, "Mwanangu, huyo ni awr." Awr ni ngamia dume wa mizigo. Kisha akanieleza yale niliyoyaona utotoni bila ya kuyafikiri: nyumba nzima hupakiwa juu ya ngamia, miti yake iliyopindwa ikatokeza kushoto na kulia, mikeka ikawekwa, na kila kitu kikafungwa kwa kamba. Uzito wa upande huu lazima ulingane na wa upande ule, ama sivyo ngamia huenda kombo na mgongo hupata kidonda. Na aliyezidishiwa mzigo halalamiki njiani. Anapiga magoti mara moja na hainuki. Nimehudhuria makongamano ambayo sikupata maelezo safi kama hayo.

Hapo ndipo penye hatari ya chombo hiki, nami singependa msichana yule aondoke na nusu ya habari. Mrama ni mateso, lakini pia ni taarifa. Upepo ukizidi, chombo chenye mkuku hulala, sahani huanguka, na mtu aliyelala hutupwa kitandani akajua ni wakati wa kupunguza tanga. Mashua pacha haisemi. Kikombe cha chai hubaki juu ya meza mpaka mwili wa upande wa joshi unapoinuka kutoka majini, na ukishainuka sana umechelewa. Tena chenye mkuku kikipinduka hujirudisha, ilhali mashua pacha na ngalawa zikipinduka katika bahari kuu hubaki miguu juu. Mtu aliye peke yake hawezi kukesha majuma matatu. Lazima alale, na kifaa kinachoendeshwa na upepo kishike usukani. Kwa hiyo sheria yake ni kupunguza tanga kabla ya kulala, hata kama upepo ni wa kupendeza, hata kama atachelewa siku mbili.

Bahari imewafundisha hili watu waliokijua chombo kuliko mimi. Mmarekani Arthur Piver, aliyewafanya wengi wapende vyombo vya miili mitatu, alitoweka mwaka 1968 akisafiri peke yake katika kimoja chake. Mwaka huo huo wa 1968 yalianza mashindano ya kuizunguka dunia mtu peke yake bila ya kutia nanga bandarini. Donald Crowhurst aliingia na chombo cha miili mitatu kisichokuwa tayari, akaona hakiwezi kuhimili bahari za kusini, akabaki Atlantiki akituma kwa redio habari za uongo za mahali alipo. Nigel Tetley, katika chombo cha namna hiyo hiyo, alikuwa amekwisha kuizunguka dunia na yuko njiani kurudi Uingereza. Aliposikia kwamba Crowhurst anamkaribia, alikikaza chombo chake kilichochoka. Kikavunjika karibu na visiwa vya Azores mwezi Mei 1969, naye akaokolewa. Mwezi Julai chombo cha Crowhurst kilikutwa kinaelea, hakina mtu. Mshindi, Robin Knox-Johnston, alifika katika mashua nzito ya mkuku, iliyoundwa Bombay, ambayo bila shaka ilikwenda mrama muda wote wa siku zake zaidi ya 300.

Je, mkasa huo wabadili chaguo langu? Haubadili. Tetley aliponzwa na haraka, na haraka ile ilitiwa na maneno. Mimi mtu wa isimu siwezi kusahau kwamba chombo kimoja kilivunjwa na sentensi za uongo zilizotumwa kutoka katika chombo kingine.

Wapo watakaoniuliza, na mwalimu mmoja amekwisha kuniuliza, kwa nini mtoto wa Eldas, anayetafuta maji ya kunywa, asumbuliwe na farumi na joshi. Hoja hiyo inaonekana kuwa na huruma, lakini naona ina dharau ndani yake. Mtoto huyo tayari tunamtahini kwa maneno ya bahari. Tunamtaka aandike mrama, nanga, wimbi, mkondo, kupwa na kujaa. Tunachomnyima ni vitu vyenyewe. Tunampa orodha ya misemo aimeze, naye anaitema katika insha, na msahihishaji aliyeimeza vivyo hivyo anamtilia alama. Halafu tunashangaa kwamba Kiswahili chake hakina pumzi. Isitoshe, Kisomali anachozungumza nyumbani kina naakhuude, ambaye ni nahodha wetu yule yule. Anayo njia ya kufika pwani bila ya kupanda gari, na sisi walimu tumeifunga kwa kudhani haipo.

Si lazima kumpeleka kila mwanafunzi Kilifi. Siku moja kabla sijaondoka tulikwenda na darasa lile kwenye birika la kunyweshea mifugo, tukiwa na chupa za plastiki, vijiti na uzi. Chupa moja yenye tanga la karatasi ilipinduka kwa pumzi ya kwanza. Tulipoitia mchanga kidogo ndani ilisimama, ikawa inayumba huku na huku, na darasa zima likapiga kelele, "Mrama!" Chupa mbili zilizofungwa sambamba hazikuyumba hata kidogo. Msichana wa dirishani akaanza kuzipakia vijiwe, kimoja kimoja, akivigawa pande zote mbili. Alifika cha kumi na moja. Wakati huo ngamia walikuwa wamekwisha kufika, nasi tukalazimika kuviondoa vyombo vyetu majini.