Kumruhusu Mgonjwa wa Kiharusi Kuanzie Nyumbani Kwake

Mwaka wangu wa kwanza katika tiba kwa vitendo, yaani taaluma ya kumsaidia mgonjwa arejee shughuli zake za kila siku, nilipima mafanikio kwa macho ya wodini. Mgonjwa wa kiharusi akishika kikombe na kuvuka chumba bila kuanguka, niliandika kwamba yu tayari kuruhusiwa.

Aliyenisahihisha ni bibi mmoja mkulima wa viazi wa Tandala. Nilipomtembelea wiki chache baada ya kuruhusiwa, nilimkuta ameketi kando ya mafiga, mkamwana wake akimmenyea viazi.

“Mjukuu wangu,” aliniambia, “ulinifundisha kutembea sakafuni. Mimi sina sakafu, nina mlima.”

Njia ya chooni ilikuwa mteremko wenye utelezi, na choo cha shimo hakikuwa na pa kushika. Chuoni KCMC, Moshi, tulifundishwa kuyauliza hayo. Haraka ya kliniki ikanisahaulisha.

Tukaanza upya. Fundi wa kijijini alisimika nguzo mbili chooni, akaunda kiti cha mbao chenye tundu. Tulipigilia misumari miwili kwenye ubao, ncha zikatokeza juu; kiazi kikichomekwa hapo hakisogei, na bibi akamenya kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukupona. Hata hivyo, jioni ile alipika mwenyewe.

Kwa hiyo nashikilia kwamba mgonjwa wa kiharusi asiruhusiwe kabla ya kuulizwa mambo matatu: choo chake kikoje, njia yake ikoje, na ni kazi gani anayoitamani kuliko zote. Wenzangu watasema kwamba watoa tiba kwa vitendo ni wachache. Ni kweli. Lakini maswali haya hayahitaji kifaa. Muuguzi aweza kuyauliza anapogawa dawa.

Nanyi jamaa wa mgonjwa, huruma yenu isimnyang'anye kazi zake. Avaapo, aanze na mkono dhaifu. Avuapo, aanze na ule wenye nguvu. Mnapomwinua msimvute kwa mkono dhaifu, kwani bega huumia. Kisha mpeni kisu na ule ubao, mkae karibu, msubiri. Atachelewa. Mwacheni achelewe.