Maji ya Maua na Moyo Wenye Huzuni

Mama mmoja wa Sepuka, katika mkoa wa Singida, atuuliza. Binti yake alifiwa na mumewe, na tangu eda kwisha hasemi na watu wala hali chakula akashiba. Kaka yake amemletea kutoka mjini kichupa cha matone ya maua, yasemwayo kuwa huondoa huzuni. Je, ni halali, na yafaa kitu?

Matone hayo asili yake ni Uingereza. Tabibu Edward Bach (1886–1936) aliiacha kazi yake ya London mwaka 1930, akaenda mashambani kutafuta maua. Maua huwekwa yaelee katika bakuli la maji ya chemchemi, juani, kwa muda wa saa tatu, mengine huchemshwa. Maji hayo huchanganywa na brandi kadiri sawa, kisha matone mawili tu hutiwa katika kichupa kingine cha brandi. Aina zake ni 38, kila moja na hali yake ya moyo: hofu, wivu, kukata tamaa.

Brandi ni ulevi, na vichupa vingi vina alkoholi asilimia 27. Wako watakaosema ni matone manne tu, na hapana budi kwa mgonjwa. Walakini Mtume s.a.w. alipoulizwa juu ya mvinyo kutumiwa kuwa dawa, alijibu kuwa huo ni ugonjwa, si dawa. Wanavyuoni wamejadili sana habari ya dharura. Lakini dharura yatoka wapi, ikiwa kitu chenyewe hakiponyi? Mwaka 2010 Profesa Edzard Ernst wa Exeter aliyapima majaribio yaliyofanywa, akaona ya kuwa yale ya kutegemewa hayakuonyesha tofauti baina ya matone haya na matone yasiyo na dawa. Viko vilivyotengenezwa kwa glisarini pasipo ulevi. Hivyo havina haramu hiyo, ila faida yake ni ile ile. Anayepata nafuu huenda ameipata kwa mkono uliompa.

Hatusemi maua ni mabaya. Mtume s.a.w. alipenda manukato, wala hakuwa akiyakataa apewapo. Asali ya Singida nayo yatoka katika maua, na Sura An-Nahl yatufahamisha kuwa katika asali mna ponyo kwa watu.

Tena iko talbina, uji wa unga wa shayiri. Bibi Aisha r.a. alipofiwa na mtu wa nyumbani kwake, wanawake walipokwisha tawanyika wakabaki walio karibu, huamrisha chungu chake kipikwe, nao wakala pamoja. Kwani alimsikia Mtume s.a.w. akisema ya kuwa huburudisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Angalieni: baadhi, si yote.

Kwa hiyo, mama, miezi minne na siku kumi za eda zimepita, naye hali. Mpelekeni kituo cha afya, na kutoka huko Singida ikihitajiwa. Jina la Mirembe ya Dodoma hutisha nyumba nyingi, na hofu hiyo imewaacha wagonjwa wengi vyumbani. Akitaja kutaka kufa, msingoje asubuhi wala msimwache peke yake.

Na yule kaka asikemewe, alikusudia mema. Safari ijayo alete unga wa shayiri, akae ale pamoja na dada yake.