TAHARIRI: Mtoto si mzigo wa kupakiwa mshikaki

Kila asubuhi, kabla kengele za shule hazijalia, barabara zetu hujaa bodaboda zilizopakia watoto watatu au wanne. Mmoja amekalia tangi la mafuta, wengine wamebanana nyuma ya dereva, mabegi yakipepea. Hakuna mwenye kofia ngumu.

Huu ndio mshikaki, na tumeuzoea kiasi kwamba hatuushangai tena. Kanuni za usafirishaji nchini Tanzania zinakataza bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Sababu iko wazi: miguu ya mtoto mdogo haifiki kwenye vyuma vya kukanyagia, mikono yake haimshiki dereva barabara, na usingizi humchukua njiani. Anayekaa mbele ndiye wa kwanza kurushwa breki ikikamatwa ghafla.

Kwa mtoto aliyefikisha umri huo, masharti ni machache: abiria mmoja tu, akae nyuma ya dereva, avae kofia inayomkaa na kufungwa kidevuni, na viatu vya kufunika mguu. Kofia ya mtu mzima inayocheza kichwani haimkingi.

Tunajua wazazi wengi hawana nauli ya gari la shule. Basi shule na kamati za wazazi zipange usafiri wa pamoja au wasindikizaji wa watoto waendao kwa miguu. Askari wa usalama barabarani nao wasimamie kanuni asubuhi hiyohiyo, si baada ya msiba.