Santuri ya Kwanza Si Lazima Iwe ya Ukweli
Mnitukane tu, lakini kumaliza pesa ukitafuta toleo la kwanza si kila mara ni akili.

Chukua Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Siku ya kwanza ya kurekodi, mashine ya tepu ilizunguka polepole. Ukicheza kwa spidi ya kawaida, sauti inapanda kidogo. Upande wa kwanza wote ukauzwa hivyo miaka zaidi ya 30! Matoleo ya miaka ya 1990 ndiyo yalirekebisha, kwa kutumia tepu ya mashine ya pili.

Ukinunua ile ya zamani unanunua historia, na hiyo ni poa. Lakini usiniambie ati ndiyo sauti halisi ya Miles. Kama pesa ni ya kuhesabu, chukua jipya, ubaki na nauli.

Wewe ungechukua gani?